Malalamiko: mmenifungia kengele ya mlango kwenye gari, sasa plagi zimeungua mnasema kosa ni langu

Kwa Meneja wa gereji na duka la spea, Njombe mjini

Habari za kazi ndugu meneja. Mimi ni yule mama wa maziwa mwenye Hilux Surf ya kijani ya 1991, dizeli 2.4 tabo, risiti zenu za mwezi wa sita ninazo zote na nimezipiga picha nimetuma pamoja na hii barua. Naandika kwa sababu nikipiga simu naambiwa bosi katoka, nikija kaunta kijana ananionyesha tu ule muhuri wa "vifaa vya umeme vikishauzwa havirudishwi", basi na nyie someni kidogo.

Baridi ya Njombe mwezi wa sita mnaijua, nyie wenyewe nawakuta mnaota moto hapo nje kabla ya kufungua. Mimi saa kumi na moja na nusu natakiwa niwe barabarani na madumu, maana hotelini chai inaanza saa kumi na mbili na mwenye hoteli hanisubiri, akiona kimya anachukua kwa yule wa bodaboda. Gari likaanza kugoma asubuhi, napiga stata mpaka inachoka, moshi mweupe unajaa uwani majirani wanafunga madirisha, likishika linatetemeka kama mgonjwa wa malaria dakika mbili tatu ndo linatulia. Mchana jua likitoka linawaka hapohapo. Nilimwambia fundi wenu hivi hivi nilivyoandika, asubuhi linagoma mchana linawaka, nikamuuliza si itakuwa hita plagi hizi, zile zinazopasha moto injini ya dizeli kabla haijawaka? Akafungua swichi, ile taa ya koili kwenye dashibodi ikawaka ikazima, akanijibu "hita nzima mama, hapa ni nozeli", yaani vile vinavyonyunyiza dizeli kwenye injini.

Kumbe ile taa kwenye magari haya ya zamani inafuata taima tu, inawaka na kuzima vizuri kabisa hata kama plagi zote nne zimekufa. Mimi nimelijua hilo juzi, ila fundi wa dizeli alitakiwa alijue kabla yangu.

Basi nikalipa nozeli 80,000 na ufundi 30,000. Kesho yake yale yale. Mkasema betri, nikanunua N70 mpya kwenu 260,000, stata ikawa inazunguka kwa nguvu mpaka raha ila gari haliwaki. Hapo ndo mkakumbuka plagi, nne kwa 35,000 kila moja, jumla 140,000, na bado asubuhi yake nikalisukuma na watoto wa jirani waliovaa yunifomu tayari kwenda shule. Katika siku zote hizo sijaona mtu ameshika testa wala mita. Nilichoona ni kijana kuchovya kitambaa kwenye petroli na kukiweka kwenye eya klina ili gari "lishtuke", kitu ambacho siku plagi zikiwa za moto kweli kinaweza kumlipukia usoni, mwambieni aache.

Sasa nakuja kwenye kengele. Fundi wenu akasema ngoja nikumalizie hili tatizo, akachukua waya mwembamba kama wa honi, akatoa umeme wa betri, huo mafundi wanaouita moto, akapitisha kwenye relei (swichi inayowashwa na umeme) kuukuu ya taa kubwa mpaka kwenye plagi, halafu kwenye dashibodi akanifungia swichi ya kengele ya mlangoni, nyeupe, ina kialama cha kengele kabisa, abiria wangu wote wanaibonyeza wakidhani itaita. Maelekezo nikapewa ya mdomo, "bonyeza, hesabu mpaka ishirini, piga stata". Kesho yake likawaka, nikafurahi nikampa elfu tano ya soda, hiyo siidai.

Siku ya tisa nikasikia harufu ya plastiki inaungua. Kufungua boneti, ule waya umeyeyuka umeganda juu ya mpira wa tabo.

Nikalipeleka kwa mzee mmoja mtaani kwetu, fundi umeme, anafanyia kazi chini ya mparachichi hana hata banda. Alianza kwa kutoa kile kipande cha bati kinachounganisha plagi zote nne, akapima moja moja kwa mita, mguu mmoja kwenye kichwa cha plagi mwingine kwenye bodi ya injini. Nzima inasoma chini ya omu moja. Kati ya nne tatu mita haikusogea kabisa, na hizo ni plagi zenu za wiki mbili. Halafu akaniambia fungua swichi, relei ya gari yenyewe ikalia tak, akaweka testa upande wa betri moto upo, upande wa kwenda kwenye plagi hamna kitu, sifuri. Akaifungua kifuniko, zile sehemu zinazogusana ndani nyeusi kama masizi ya chungu. Relei inalia ila haipitishi moto. Tangu siku ya kwanza tatizo lilikuwa hilo, na kulipata hakujamaliza hata robo saa.

Plagi alizozitoa mbili zimevimba ncha kama njiti ya kiberiti iliyoungua. Akanionyesha maandishi kwenye shingo ya plagi, 6V. Akanieleza kwamba gari hili lina relei mbili, ya kwanza inapeleka moto wote wa betri sekunde chache tu plagi ziive haraka, ikikata ya pili inapitisha moto kwenye rezista ili upungue. Kengele yenu imeruka vyote viwili, plagi ya volti 6 inakula volti 12 mpaka nimalize kuhesabu ishirini niliyoambiwa na nyie. Kwa hiyo plagi mlizoniuzia zilikuwa sahihi kabisa, hapo siwasingizii, mmeziua wakati wa kufunga. Halafu kijana wa kaunta ananiambia "ulibonyeza sana mama". Nilibonyeza nilivyofundishwa.

Relei ya mtumba nimeipata Makambako kwa 40,000, plagi mbili nimenunua kwingine, na gari sasa linawaka alfajiri kwa stata moja japo linakohoa kidogo, kwa sababu plagi ya silinda ya tatu imegoma kutoka. Ilizunguka nusu ikakwama, mzee akaiacha, akasema akilazimisha ncha inaweza kukatikia ndani ikaangukia juu ya pistoni, na hapo ni kushusha silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini.

Ninachotaka ni hiki. Nirudishieni 140,000 ya plagi na 110,000 ya nozeli na ufundi wake, maana nozeli hazikuwa na shida na mlizigusa bila kupima. Betri nabaki nayo, ile ya zamani ilikuwa imechoka kweli. Na ile plagi iliyokwama mtaitoa kwa gharama zenu lakini mkononi mwa mzee, sio mwa yule kijana wenu, hedi ikilazimika kushuka gasketi na kazi ni juu yenu. Nipeni jibu la maandishi ndani ya siku 7. Mkikaa kimya napeleka risiti na ule waya ulioyeyuka kwenye vyombo vya sheria, waya nimeuweka kwenye mfuko wa rambo haujaguswa.

Swichi yenu ya kengele nimeing'oa, nitakuja nayo siku mtakayoniita.

Mteja wenu,
Mama wa maziwa, Surf ya kijani