Barua kwa mwanangu aliye London

Marahaba mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umekaa roshani ya wageni katika Baraza la Malodi, lile baraza la juu la Bunge la Uingereza, ukaviangalia vile viti vyekundu, ukawaza kwamba sisi wa ukoo wa kitemi, ukoo wa machifu, tungestahili mahali kama pale. Na shangazi zako wanakuambia ukirudi Tabora ugombee udiwani, jina la babu litakubeba. Hapo ndipo nimeshika kalamu.

Hadi 1999, malodi zaidi ya 700 walikuwa na haki ya kuketi pale na kutunga sheria kwa kuwa tu walirithi cheo. Sheria ya mwaka huo ikawaondoa, ikabakiza 92. Nafasi ikiwa wazi, walifanya uchaguzi mdogo wao kwa wao. Mwaka 2016 uchaguzi mmoja ulikuwa na wagombea saba na wapiga kura watatu. Watatu, mwanangu! Hapa kwetu mgombea udiwani anakula vumbi mpaka kitongoji cha mwisho, na bado anaweza kuanguka.

Nataka umjue Tony Benn. Alikuwa mbunge wa Bristol, amechaguliwa na watu. Novemba 1960 baba yake akafariki na cheo chake cha ulodi kikamwangukia yeye, maana kaka yake aliyetarajiwa kukirithi alikufa vitani mwaka 1944. Wakati huo lodi hakuruhusiwa kuwa mbunge wa baraza la chini, kwa hiyo akavuliwa ubunge. Mei 1961 akagombea hivyohivyo, akashinda, lakini mahakama ikampa kiti aliyeshindwa. Tarehe 31 Julai 1963 ndipo sheria ya kuruhusu mtu kukataa cheo ilipopita, naye akakikataa jioni ileile. Karibu miaka mitatu anapigania haki ya kutopokea urithi! Kila nikilifikiria hilo moyo wangu unamheshimu.

Alipofariki mwaka 2014 mwanawe mkubwa akakichukua kile cheo, na 2021 akaingia Baraza la Malodi bila kupingwa. Simlaumu. Uamuzi wa baba haurithiwi, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukuamuru.

Mwaka huohuo wa 1963, Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu. Babu yako akashika jembe. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka watu wakiendelea kuja jioni na ugomvi wao wa mipaka, wanakaa chini ya mwembe, naye anasikiliza mpaka giza linaingia. Hakuna sheria iliyowaleta.

Udiwani gombea, kura yangu unayo. Waambie watu utafanya nini kuhusu kisima kilichokauka na barabara ya kwenda zahanati. Kile kigoda cha babu nimekifunga kwa shuka juu ya kabati, mguu mmoja umeanza kupasuka, na kwenye mkutano wa kampeni hakiendi.

Mama yako