Vidonge vya fangasi vilivyomlaza mdogo wangu

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Niko Kigoma, mdogo wangu anavua dagaa Kibirizi, na mvuvi wa dagaa mnamjua, usiku kucha miguu iko majini, fangasi za vidoleni haziishi. Akachoka kupaka krimu, akaenda duka la dawa akaambiwa za kumeza ndo kiboko, ketokonazo miligramu 200, kimoja kila siku. Hakuulizwa kama anakunywa pombe (anakunywa, tena mbalamwezi ikiwaka hawaingii ziwani ndo balaa), hakuulizwa anatumia dawa gani nyingine, hakuambiwa arudi lini, zikiisha ananunua zingine.

Wiki ya sita hivi akaanza kusema mwili umechoka, chakula hataki, mgebuka wa mawese anausukuma pembeni! Tukasema malaria, kapimwa hakuna, basi tukasema uchovu wa ziwani. Kumbe mkojo ulishakuwa kama chai ya rangi na yeye kanyamaza, wanaume bwana, mpaka mama alipomwona juani macho njano kama binzari ndo tukakimbilia hospitali. Daktari kuona boksi tu akasema hizi acha leo leo, na majibu ya ini yakarudi yako juu mno.

Kinachoniudhi, jambo hili si siri. Julai 2013 wadhibiti wa dawa wa Ulaya walishauri vidonge hivi viondolewe sokoni, na Marekani mwezi huohuo wakasema visiwe dawa ya kwanza kwa fangasi yoyote, kisa vinaweza kuumiza ini, na hilo linaweza kumkuta hata mtu ambaye ini lake lilikuwa zima kabisa. Krimu yake haina neno, maana haiingii sana kwenye damu. Hata terbinafini, dawa nyingine ya fangasi za kucha, ile ya kumeza wiki 6 mpaka 12, ini linatakiwa lipimwe kabla ya kuanza.

Sasa nyie wenye maduka, mtu akija na fangasi za vidoleni mpeni ya kupaka, aking'ang'ania ya kumeza mtumeni kwa daktari akapime. Na mwambieni ukiona mkojo mweusi au macho ya njano acha dawa uwahi hospitali, hayo maneno hayamalizi hata muda wa kutafuta chenji.

Mdogo wangu mwezi wa pili huu hajaingia ziwani, daktari anasema ini linarudi taratibu. Fangasi zenyewe bado anazo.

Dada mtu, Kigoma