Barua ya malalamiko: mabamba ya povu mliyotuuzia kuwa hayashiki moto

Bukavu, tarehe 14 Oktoba 2024

Kwa Bwana Mkurugenzi wa kampuni

Kuhusu: mabamba 40 ya povu yaliyonunuliwa kwenye depo yenu kwa ajili ya boti inayogeuzwa kuwa chumba cha kulala

Bwana Mkurugenzi,

Mabamba 40 ya povu tuliyonunua kwenye depo yenu si poliuretani, aina ya povu gumu tuliyoiomba, tena yanashika moto. Fakitire yenu (ankara ya mauzo), yenye mhuri wa kampuni, inasema kinyume chake katika mambo yote mawili. Tulikuwa tumekwisha kuyafunga kwenye dari na kuta za chumba ambamo vijana sita wangelala. Mimi ndiye ninayesimamia kazi hiyo, na ninawaandikia kwa niaba ya mafundi na wanafunzi wote wa karakana yetu ya jamii.

Chumba chenyewe ni boti ya uokozi, ya zile za rangi ya machungwa zinazoning'inizwa ubavuni mwa meli kubwa za baharini. Ililetwa kwa lori kutoka Mombasa na mfanyabiashara aliyetaka kusafirisha watu kati ya Bukavu na Goma. Injini ikamshinda, boti ikabaki ufukweni Muhanzi, mvua ikainyeshea, watoto wakaifanya mahali pao pa kujifichia. Alipotuachia, tuliivuta na kuipandisha hadi kwenye uwanja wa karakana. Ina urefu wa mita 7 na nusu, imefunikwa kabisa kwa juu, madirisha yake ni madogo na milango yake ni michache. Wanafunzi wetu wengi wanatoka Idjwi na Kalehe, na hawana ndugu wa kuwapokea mjini. Wawili kati yao nyumba za wazazi wao zilichukuliwa na mafuriko ya Nyamukubi mwezi wa Mei 2023. Mpaka leo wanalala ndani ya karakana, kando ya mashine, katika vumbi la mbao. Kwa hiyo boti hii tuliipokea kwa furaha kubwa.

Naomba mfahamu boti ya namna hiyo imetengenezwaje, maana malalamiko yetu yanaanzia hapo. Ganda lake ni la faiba, tabaka mbili, na katikati yake kumejazwa povu gumu la poliuretani ili boti isizame hata ikiingia maji. Kanuni za mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ule wa SOLAS wa 1974, zinataka ganda hilo lisiwe la kuungua kwa urahisi. Yetu ina pia mabomba membamba juu ya paa, yaliyokuwa yakimwaga maji kuifunika boti nzima. Mabomba hayo huwekwa kwenye boti za meli zinazobeba mafuta, na kanuni inadai boti ya aina hiyo iwalinde watu waliomo kwa dakika zisizopungua 8 ikiwa imezungukwa na moto wa mafuta juu ya maji. Waliotengeneza boti hii walifikiria moto kabla ya kufikiria kitu kingine. Sisi tulitaka kuendelea walipoishia. Povu lenu limetufanya tuweke kuni ndani ya ganda lililojengwa kupambana na moto.

Bukavu hakuna haja ya kumweleza mtu moto ni nini. Nyumba za mbao za Kadutu zimebanana, kiangazi kikifika kila mtu analala sikio likiwa wazi, na gari la wazimamoto haliwezi kupita kwenye vichochoro vya Nyamugo au Nkafu. Umeme wa SNEL ukikatika watu wanawasha mishumaa, na chakula kinapikwa kwa makala (makaa) kwenye mbabula. Tumewakataza vijana kuingiza mbabula ndani ya boti, na jiko lao tumelijenga nje chini ya mabati. Lakini nimelea watoto, na ninajua usiku wa baridi ya mvua kijana anaweza kusahau katazo. Chumba chenye milango michache na dari inayokaribia kichwa hakimpi mtu nafasi ya kusahau mara mbili.

Ndiyo sababu hatukuingia kwenye depo yenu kuomba povu lolote. Tulimweleza muuzaji wenu kazi ni ipi, tukamwambia ni mahali pa kulala watu, tukaomba poliuretani ngumu iliyotiwa dawa ya kuzuia moto. Tulijua kwamba hata poliuretani halisi ikizidiwa na moto inatoa moshi wenye sumu ya sianidi, kwa hiyo tulipanga kuifunika kwanza kwa faiba na resini, ile gundi nzito inayoganda ikawa ngumu, halafu kwa mabamba ya jasi. Muuzaji alitoa mabamba ya manjano hafifu, laini, yasiyo na punje, ya sentimita 3 kwa unene, akasema ndiyo hayo. Tukamwomba aandike hivyo kwenye fakitire. Akaandika, kwa Kifaransa, aina ya povu na kwamba halishiki moto, akapiga mhuri. Tulilipa dola 720, fedha iliyochangwa na wazazi, mafundi na majirani, wengine kwa franka mia tano mia tano.

Mabamba yalifungwa vizuri kwenye mbavu za mbao. Siku ya kupaka resini tulianza na dari. Mkeka wa faiba ulilowa, roller zikapita, kila kitu kilikuwa sawa. Kabla resini haijaganda, dari ikaanza kuzama. Mkeka ulining'inia, mashimo yakafunguka nyuma yake, na mabamba yakayeyuka mbele ya macho yetu kama sukari kwenye chai. Vijana waliokuwa chini walitoka nje mbio kwa sababu ya harufu. Tulisimamisha kazi saa ile ile.

Tulipoleta malalamiko kwa mdomo, mlimtuma mfanyakazi wenu kuja kuangalia, na kwa hilo tunawashukuru. Ila maelezo aliyotupa hatuwezi kuyapokea. Alisema tulitia dawa nyingi mno ya kugandisha, resini ikachemka, na joto ndilo lililoyeyusha povu. Akasema kosa ni la fundi.

Fundi wetu wa faiba ametengeneza mitumbwi na matangi ya maji kwa miaka mingi, na dawa anaipima kwa mizani. Siku hiyo ilikuwa asilimia moja na nusu ya uzito wa resini, kipimo cha kawaida kabisa. Lakini tusibishane kuhusu mizani, kwa sababu kuna njia ya kujua bila kubishana. Tulichukua kipande cha bamba lenu ambacho hakijaguswa, tukakitia kwenye resini tupu, bila tone la dawa ya kugandisha. Resini hiyo haiwezi kupata joto yenyewe. Kipande kikayeyuka vile vile. Sababu yake inajulikana kwa kila anayefanya kazi hii: resini ya poliesta ina stireni ndani yake, na stireni ndiyo malighafi ambayo kwayo polistireni hutengenezwa. Vikikutana, polistireni inarudi kuwa uji. Poliuretani haifanyi hivyo, kwa hiyo mabamba yenu ni polistireni.

Tukafanya jaribio la pili mbele ya mfanyakazi wenu mwenyewe. Mahali tulipokata ganda la boti ili kupanua dirisha, tulikuwa tumehifadhi vipande vya povu la asili, lile lililojazwa kiwandani. Tukaweka kipande chake kwenye kikopo chenye esansi ya pikipiki, na kipande cha bamba lenu kwenye kikopo kingine chenye esansi ile ile. Cha boti kilibaki kigumu, na mpaka leo kipo, mnaweza kukishika. Chenu kilijikunja, kikawa utelezi chini ya kikopo. Mfanyakazi wenu aliona kwa macho yake. Alinyamaza, kisha akasema atatoa ripoti kwa wakubwa. Ripoti hiyo hatujaiona.

Baada yake tukajaribu moto, nje, mbali na boti, tukiwa na ndoo za maji na mchanga. Povu la zamani la boti lilipochomwa lilikuwa jeusi upande wa nje, halikudondosha kitu, na moto ulipoondolewa likazimika. Bamba lenu lilishika mara moja. Tuliondoa kiberiti, likaendelea kuwaka. Lilitoa moshi mweusi mzito na kudondosha matone yanayowaka, na matone hayo yakawasha ubao tuliokuwa tumeuweka chini. Nilimtazama mmoja wa wale vijana wa Nyamukubi. Alikuwa anaangalia matone yale bila kusema neno, na mimi nikafikiria kitanda chake, ambacho kingekuwa chini ya dari hiyo hiyo. Bwana Mkurugenzi, hapo hasira yangu iliacha kuwa ya dola 720.

Resini iliyoyeyusha dari yetu ilituokoa. Kama tungetumia gundi ya kawaida ya maji na mbao nyembamba juu yake, tusingejua chochote. Chumba kingependeza, vijana wangeingia, na bidhaa yenu ingekuwa imejificha nyuma ya rangi nyeupe. Wangapi wamekwisha kufanya hivyo? Siku tuliyonunua, mbele yetu kulikuwa na mtu aliyepakia mabamba ya aina hiyo hiyo kwenye gari, akisema ni ya kupandisha joto kwenye banda la vifaranga. Banda la vifaranga hupashwa joto kwa makala usiku kucha, na mara nyingi mtu analala humo ili kuchochea. Mtu huyo hatumjui. Ninyi mna fakitire yake.

Kwa hiyo jambo la kwanza tunalodai si fedha. Tunadai mwondoe mabamba hayo dukani leo, au muyauze kwa jina lake halisi na onyo la moto likiwa limeandikwa wazi. Tunadai pia mpitie daftari zenu za mauzo na kumpigia simu kila aliyenunua akiamini kwamba halishiki moto. Kazi hiyo inaweza kufanywa na karani mmoja mwenye simu. Kama mlidanganywa na aliyewauzia huko nje, sisi hatuna uwezo wa kumfikia, lakini ninyi mnao, na tutafurahi kuwapa vipande vya ushahidi.

Kuhusu sisi wenyewe, tunaomba mturudishie dola 720 za mabamba, pamoja na dola 60 za resini na mkeka vilivyoharibika kwenye dari, jumla dola 780. Badala ya fedha za mabamba tuko tayari kupokea poliuretani ya kweli, kwa kiasi kile kile, ikiwa na karatasi ya kiwanda inayoonyesha jinsi ilivyopimwa kwa moto. Na safari hii tutaijaribu sisi kwanza, mbele yenu, kabla ya kusaini chochote. Kazi ya kukwangua dari na kung'oa misumari hatuwadai. Vijana wameifanya wenyewe. Lakini mjue imefanyika, na kwamba msimu wa mvua umeingia wakiwa bado wanalala karakanani.

Muuzaji wenu wa depo alituambia kwamba bidhaa ikitoka mlangoni hairudi. Neno hilo haliwezi kufuta sheria. Sheria ya mikataba inayotumika katika nchi yetu, ambayo msingi wake ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inampa muuzaji wajibu wa kukabidhi kitu alichouza na wa kukidhamini. Tulinunua povu lisiloshika moto, na kitu hicho hatujakabidhiwa mpaka leo.

Tunawapa siku 15 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, tutapeleka vipande vilivyobaki, picha za majaribio na nakala ya fakitire kwa OCC, ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa, ili vipimwe, pamoja na malalamiko rasmi kwenye ofisi ya uchumi ya jimbo, kisha mahakamani. Hatusemi hivyo kwa kutisha. Mafundi wa mji huu wananunua kwenu kwa sababu mna bidhaa ambazo zamani ilitubidi kuzifuata mbali, na tungependa tuendelee kununua kwenu.

Mabamba 31 ambayo hayakuguswa na resini yamepangwa nje, chini ya turubai, mbali na makala na mbali na boti. Mnaweza kuyachukua siku yoyote ya kazi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Atakayekuja aje na barua ya kampuni inayosema anachukua mabamba mangapi na yanapelekwa wapi, kwa sababu hatutayatoa yarudi kuuzwa kwa jina lile lile.

Pokea heshima zetu, Bwana Mkurugenzi.

Msimamizi wa kazi ya boti,
kwa niaba ya mafundi na wanafunzi wa karakana ya jamii, Bukavu