Mwanangu anataka nimwandikishe nyumba kabla sijafa, nifanyeje?

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mama wa miaka 60, nilikuwa muuguzi serikalini, nimestaafu mwaka 2025, nakaa Kihonda hapa Morogoro. Naomba mnisome mpaka mwisho maana jambo lenyewe limefungamana, nikilikatisha halitaeleweka. Nataka ushauri wa watu waliokwishapita hapa au wanaojua sheria.

Mume wangu alifariki 2014. Nyumba hii tulijenga pamoja, kiwanja alinunua yeye enzi hizo hatujapata hata mtoto wa pili, hati ikatoka kwa jina lake, tukapandisha kidogo kidogo, mabati nilikopa saccos ya kazini, grili za madirisha nikakopa tena. Risiti ninazo kwenye bahasha ya kaki, zingine wino umefifia mpaka usogeze kwenye mwanga ndio uone jina langu na "mabati geji 30". Alipofariki mirathi haikufunguliwa. Hatukugombana hata kidogo, ila watoto walikuwa shule, mimi niko zamu za usiku, shemeji zangu wakakaa kikao baada ya arobaini wakasema nyumba ni ya mama na watoto, ikaandikwa kwenye daftari, wakarudi zao Upareni. Mpaka leo kodi ya ardhi nalipa kwa jina la marehemu, kodi ya jengo wanakata kwenye luku.

Nina watoto watatu. Wa kwanza wa kiume yuko Dar, ana Fuso anabeba mizigo. Wa pili wa kike ni mwalimu, ameolewa Mwanza. Wa mwisho wa kike ninaye hapa nyumbani na mtoto wake wa miaka minne, anashona nguo barazani. Halafu yupo kijana mmoja yuko Kilosa, mume wangu alimzaa kabla hajanioa, alikuja msibani akakaa na wenzie, mimi nilimpokea na mpaka leo sikukuu haipiti bila kunipigia simu, ananiita mama.

Sasa kuhusu hela ya kustaafu niwaambie wazi kwa sababu huku mtaani kila mtu anaikadiria kivyake, wengine wanasema nina milioni mia. Miezi yangu ya kazi ni 408, wanagawa kwa 580, wanazidisha na wastani wa mshahara wa mwaka, hapo inapatikana pensheni nzima ya mwaka, halafu asilimia 40 yake wanaizidisha mara 12.5 ndio mkupuo, yaani hela unayolipwa kwa mara moja. Ile asilimia 33 ya mwaka 2022 ilipandishwa ikawa 40 mwaka 2024 kwa sisi tuliokuwa kwenye mifuko ya zamani iliyokuwa inatoa nusu ya pensheni kwa mkupuo, kwahiyo nashukuru. Ikatoka milioni 54 na ushee, benki ikakata deni la mkopo lililokuwa limebaki, nikabakiwa na 47. Pensheni ya kila mwezi ni kama laki tano na nusu, hiyo ni mpaka siku naingia kaburini. Nina presha na sukari, dawa nazijua bei zake, na ninalisha watu watatu ndani ya nyumba. Hiyo ndio hali halisi.

Mwezi uliopita mwanangu wa kwanza akaja, tumekula vizuri, wali na samaki, baada ya chakula akatoa karatasi kwenye begi imeshachapwa tayari. Nikavaa miwani. Juu imeandikwa HATI YA ZAWADI, chini inasema mimi fulani nikiwa mmiliki halali wa kiwanja namba fulani kitalu fulani Kihonda, kwa mapenzi yangu bila kushurutishwa, nampa mwanangu fulani nyumba na vyote vilivyomo. Nikairudia mara mbili ile sehemu ya mmiliki halali. Nikamwambia, baba, mmiliki si baba yako? Akasema mama hilo mwanasheria atalinyoosha, wewe saini tu.

Anachotaka ni hivi, nyumba iwe jina lake, hati aiweke benki apate mkopo aongeze Fuso la pili, na kwenye mkupuo nimpe milioni 20 za kuanzia, halafu yeye atakuwa ananipa laki sita kila mwezi na mimi nakaa hapahapa mpaka mwisho wa maisha yangu. Sababu zake anazo na sizipuuzi. Anasema tukisubiri mpaka nife, baba zake wadogo watarudi na lile daftari lao wakiwa na maneno mengine, anasema wosia ni uchuro na ni karatasi tu watu wanachana, bora mtu agawe akiwa hai anaona. Na huyu mtoto sitaki mumfikirie vibaya jamani. Paa lilipovuja ndiye aliyebadilisha, ada ya chuo ya mdogo wake wa Mwanza alilipa yeye miaka yote ile, nilipolazwa alikuja na gari usiku kutoka Dar. Ananipenda na najua ananipenda.

Ila mimi nimefanya kazi wodini miaka yote hiyo. Nimeona wazee wanashushwa kwenye bajaji na majirani, unampigia mtoto anasema mpigie kaka, kaka anasema si nyumba alimpa dada, na yule mzee anasikia yote maana simu tumeweka spika ili tuandike namba. Wengi wao walishagawa kila kitu, na waliogaiwa hawakuwa watoto wabaya, walikuwa na madeni yao na wake zao na ada zao. Benki ikishashika hati haijui kwamba kuna bibi anaishi ndani. Fuso likipata ajali Kitonga au mwanangu akifa kabla yangu (Mungu aepushe), mkamwana wangu atadaiwa na nyumba itapigwa mnada, mimi na binti wa barazani na mjukuu tutakwenda wapi?

Binti yangu wa Mwanza nilipomtumia picha ya ile karatasi alipiga simu analia. Anasema mama usisaini, hela peleka UTT, ile taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, mfuko wao wa hatifungani ukiweka kuanzia milioni 10 unaweza kupokea gawio kila mwezi, na nyingine iweke mfuko wa Ukwasi ambao ukiugua unaitoa ndani ya siku chache bila kuuza kitu. Anasema wosia niandike nikauhifadhi RITA, wale wakala wa serikali wa vizazi na vifo, wanapokea na wanatunza, asichane mtu. Kaka yake kusikia hivyo kasema dada ameshaolewa kwa watu nyumba ya huku inamhusu nini. Sasa kwenye grupu la familia hawasalimiani, mtu anatuma picha ya mtoto mwingine anakaa kimya. Hilo linaniuma kuliko hata hela.

Nikaenda kumwona binti mmoja wa msaada wa kisheria, alinisikiliza bure kwa utulivu sana, Mungu ambariki. Akaniambia kwanza kabisa ile hati ya zawadi hata nikisaini siwezi kutoa kisichokuwa changu chote, nyumba bado ni mali ya marehemu mpaka mirathi ifunguliwe, ateuliwe msimamizi, ndipo igawanywe. Cheti cha kifo kinatakiwa, muhtasari wa kikao cha familia unatakiwa, warithi wote watajwe. Na akasisitiza msimamizi sio mrithi wala sio mwenye mali, yeye kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni, kugawa, na kurudisha hesabu mahakamani kwenye fomu namba tano na namba sita. Hapo nikaelewa kwa nini mwanangu tangu nimtajie mirathi anasema basi msimamizi awe yeye.

Halafu akanieleza jambo lililoninyima usingizi. Mirathi ikiendeshwa kimila, kwa ile sheria ya mila iliyotangazwa 1963, mjane hana fungu kwenye mali ya mumewe kama mume ana ndugu wa ukoo, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Kutunzwa! Mimi niliyekopa mabati. Lakini ikiendeshwa kwa sheria ile nyingine ya tangu mkoloni ambayo huwa inatumika kwa Wakristo walioishi bila kufuata mila, mjane anapata theluthi moja na watoto theluthi mbili. Mahakama inaangalia marehemu aliishi maisha gani na nia yake ilikuwa nini. Sisi tulifunga ndoa kanisani, tuliishi mjini, Upareni tulikwenda Krismasi na misiba. Ya kimila inakwenda Mahakama ya Mwanzo, ni karibu na gharama ni ndogo, ndiyo mwanangu na shemeji wanayoitaka. Hiyo nyingine haiendi Mwanzo, inaanzia juu, na nasikia bila wakili unahangaika.

(Kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Shamba langu la Mgeta nililopewa na mama yangu, wajomba wote wanajua litakwenda kwa binti zangu, hilo halina mjadala ingawa mwanangu naye ameshaanza kuliulizia. Ndio maana haya ya kwamba mwanamke anatunzwa tu yananishinda kuyameza.)

Na yule kijana wa Kilosa. Mwanangu kwenye rasimu ya warithi aliyoniandikia hajamweka. Nilipomuuliza akasema huyo hana cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba. Lakini marehemu mwenyewe alimtambua, alimlipia shule ya msingi, shemeji wote wanamjua. Mimi siwezi kwenda mahakamani nikala kiapo kwamba mume wangu aliacha watoto watatu wakati naona wanne.

Kwahiyo naomba mnisaidie haya. Miaka zaidi ya kumi imepita tangu afariki, je mahakama itakataa kufungua mirathi sasa hivi au natakiwa tu nieleze kwa nini tumechelewa? Mimi mwenyewe naweza kuomba usimamizi bila saini za shemeji? Wale ambao mliomba sehemu yenu kwanza itenganishwe kwa sababu ya mchango wenu, risiti zilisaidia, hata zilizofifia, au ni bora nikachukue taarifa za mikopo yangu kule saccos? Na je ipo njia ya kuandika kwenye ugawaji kwamba binti wa mwisho na mtoto wake wasitolewe kwenye vyumba viwili vya nyuma, kwa namna ambayo hata benki itaiheshimu?

Kuhusu hela, mnaoishi kwa pensheni niambieni ukweli. Nilikuwa nafikiria milioni 30 niziweke huko UTT nipate gawio la mwezi, milioni 10 zikae Ukwasi kwa ajili ya ugonjwa, na 7 zilizobaki nimpe mwanangu kama msaada na sio mkopo, ili asije akaniambia mama umeniacha na mimi nisije nikamdai. Wenzangu wengine wananisukuma nijenge fremu za kupangisha hapo mbele, lakini unajenga vipi kwenye kiwanja ambacho mirathi haijafunguliwa? Kuna muuguzi mwenzangu mkupuo wake wote uliishia kwenye kuku na kijana wa kumsimamia, sasa hivi anaishi kwa pensheni peke yake na anasema afadhali ipo.

Na wosia. Mimi mali yangu mwenyewe ni hizo hela, shamba la Mgeta, na fungu lolote nitakalopata kwenye nyumba. Kama kuna mama aliyeandika wosia na watoto wakajua umeandikwa, mliwaambiaje wasione umewachagulia? Nimsomee kila mtu au uhifadhiwe mpaka siku yenyewe?

Mwanangu anakuja tena mwisho wa mwezi. Nimeshamwambia sitasaini chochote mpaka wakae wote wanne hapa sebuleni, yeye, dada zake na wa Kilosa, na huyo mwanasheria wake kama anataka aje. Alinyamaza kisha akasema sawa mama. Nauli ya wa Mwanza na ya Kilosa natuma mimi. Niandikieni kabla ya hapo jamani, hasa mliokaa kikao kama hiki, mlianza kuzungumza lipi kwanza, nyumba au hela?

Mama wa Kihonda, Morogoro