Amani kachukua huyu, haki kachukua yule, udugu nani anao?

Mhariri, assalaam alaykum. Naomba nafasi kidogo gazetini kwako, na ikiwa barua ni ndefu kata mwanzo lakini huku mwisho usipaguse maana ndiko kwenye ombi langu.

Juzi tulikuwa barzani hapa Wete tunakunywa kahawa, vijana wawili wakaanza ubishi wao wa siasa kama kawaida, mmoja wa chama tawala mmoja wa upinzani. Basi huyu wa kwanza kila akiulizwa kitu anajibu amani, maji hayatoki, lakini si tuna amani, umeme unakatika, lakini amani ipo bwana. Na mwenzake kila akifungua mdomo ni haki, haki yetu, haki ya kura zetu. Mimi nimesomesha uraia skuli miaka mingi nikawauliza, nyie wawili hayo maneno mnajua mnayatoa wapi? Kimya. Nikawambia yamo kwenye utangulizi wa Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, sentensi ya mwanzo tu, kwamba wananchi tumeamua kujenga jamii inayozingatia misingi ya uhuru, haki, udugu na amani. Manne, yameandikwa pamoja kwa mpigo mmoja, na hakuna pahala palipoandikwa chama hiki kitabeba hili na kile kitabeba lile.

Yule wa upinzani akanitizama akasema, "Mwalimu, kumbe na udugu umo?"

Wallahi suali lile halijanitoka mpaka leo. Kijana hana kosa, kazaliwa baada ya vyama vingi, huo udugu angeuonea wapi. Sisi wakubwa ndio tuliomuonesha kinyume chake. Baada ya uchaguzi wa 1995 hapa Pemba watu walisusiana, na ikarudi tena 2016 baada ya ule uchaguzi wa Oktoba 2015 kufutwa na kurudiwa Machi 20. Mtu hanunui dukani kwa mwenzake, hapandi gari yake, harusini haendi, na mwisho ikafika mpaka kwenye mazishi. Mimi mwenyewe nimebeba jeneza la jirani yangu hatufiki watu kumi na tano, na mtaa mzima watu wamo majumbani wanachungulia madirishani, kosa la marehemu ni kadi aliyokuwa nayo mfukoni. Mimi kadi ile sikuwa nayo na chama chake nilikuwa nakipinga waziwazi, lakini yule mtu ndie alienipelekea mke wangu hospitali usiku wa mvua, sasa nisimzike kwa kuwa kura yake si yangu? Nilirudi nyumbani ami yangu akaa wiki mbili hanisemeshi.

Sisemi watu walisusa bure, msinielewe vibaya. Januari 2001 watu walipigwa risasi hapa hapa, na wengine wakavuka bahari mpaka Shimoni, Kenya, wakawa wakimbizi. Mwenye kidonda huwezi kumwambia anyamaze kwa ajili ya amani, na anaemwambia hivyo ndio kashachukua neno moja akayatupa matatu. Ila jirani yangu hakumpiga mtu risasi, alikuwa akiuza mbatata.

Sasa nije kwenye Mapinduzi ya 1964, na hapa najua pande zote mbili zitanichukia. Wenzetu wa chama tawala Januari 12 wameifanya kama shamba lenye hati ya mtu mmoja. Kijana akiuliza bajeti ya shehia imekwenda wapi anaitwa Hizbu, yaani mfuasi wa kile chama kilichopinduliwa, mtoto wa miaka ishirini na mbili ambae hiyo Hizbu kaisikia kwa bibi yake tu! Na wenzangu wa upinzani nao (nasema wenzangu kwa sababu kura yangu huko ndiko inakokwenda, sifichi) kwenye grupu letu la WhatsApp wanazikebehi eka tatu walizogaiwa wakulima na elimu bure ya 1964 kama vile ilikuwa mchezo, na nusu ya memba wa grupu lile wamejua kusoma na kuandika kwa elimu hiyo hiyo, mimi wa mwanzo. Kasoro zilikuwepo, Mpemba hahitaji kuhadithiwa. Lakini ahadi ya kuwa mtoto wa mkulima nae asome ilikuwa ahadi ya maana, na ahadi ukishaitukana umeshamsamehe aliyepaswa kuitimiza.

Nnavyoona mimi ukitaka kumbana mkubwa, mbane kwa maneno yake mwenyewe. Mtu anajenga nyumba ya tatu kwa mshahara mmoja, ya nini kumtukania Mapinduzi? Msomee ile ahadi ya wanachama wa CCM, cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwengine kwa faida yangu. Hana jawabu. Lakini ukimtukania Mapinduzi ushampa jawabu, atapanda jukwaani akulilie wewe badala ya kueleza nyumba, na watu watampigia makofi.

Halafu kuna haya maridhiano ambayo siku hizi watu wanayaona ni habari ya vyeo tu, nani kapata umakamu nani kakosa. Mzee Amani Karume, Rais wa Zanzibar wakati ule, na Maalim Seif wa chama cha upinzani CUF walipokutana Novemba 2009, na mwaka uliofuata Julai 31 ikapigwa kura ya maoni ya serikali ya umoja, asilimia 66.4 wakasema ndio, hapa mtaani hatukuona cheo hata kimoja. Tulichokiona ni watu kuanza kupanda gari moja na kuamkiana. Ami yangu yule yule alikwenda kula pilau ya harusi nyumba aliyokuwa hapiti hata mbele yake, na akarudi anasifu nyama.

Yule kijana nilimjibu kuwa udugu umo, sema hauna chama, ndio maana hakuna anaeupigia kampeni.

Ombi langu ndio hili. Kampeni zikija, viongozi wa vyama vyote na wa maskani zote, hivyo vijiwe vya vyama, wakubaliane kitu kimoja kidogo tu kisicho na gharama, kuwa shehia ikiwa na msiba spika zinazimwa mpaka watu watoke makaburini, awe marehemu wa chama gani. Kwa sababu mara ya mwisho tulikuwa tunasoma talkini na gari ya matangazo inapita barabarani inapiga muziki, tena haikupita mara moja, iligeuza ikarudi. Simtaji mtu, waliokuwemo ndani ya gari ile wanajijua, na mmoja wao nilimsomesha.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba