Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: kazi yangu imebaki nembo

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Manzese, Dar es Salaam, kwenye kibanda cha cherehani nne kando ya Barabara ya Morogoro. Zinazofanya kazi ni mbili.

Mwaka fulani kikundi chetu cha mafundi kiliomba zabuni ya mashati ya shule katika halmashauri moja. Tukakosa. Sina kinyongo, zabuni ni ushindani. Wiki tatu baadaye mshindi akaja kwangu na bajaji imejaa mashati 200, kila moja bado limo kwenye nailoni yake, shingoni lebo ya China. Alitaka niondoe lebo, nishone nembo ya shule mfukoni. Nikashona, maana kodi ya pango ilikuwa imefika. Zabuni ile ilitengewa vikundi vya vijana ili vijana wapate kazi. Kazi yenyewe ikawa ya siku mbili: toa lebo, weka nembo.

Mji huu umekua, Mheshimiwa. Sensa ya 2012 ilitukuta watu milioni 4.36, ya 2022 ikatukuta milioni 5.38. Kwingine watu walifuata viwanda mjini. Sisi tumefuata bandari na Kariakoo. Kijana akishuka basi la mkoani, kazi ya kwanza atakayoipata ni kutembeza suruali begani Mtaa wa Msimbazi, na suruali hiyo imekuja na meli.

Dirishani kwangu naona yote. Malori yanashusha marobota ya pamba kutoka Kanda ya Ziwa kwenda bandarini, kwa kuwa sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje ikiwa pamba nyuzi, haijafumwa. Makontena nayo yanapanda. Jora ninalokata limetoka nje, uzi umetoka nje, zipu na vifungo hali kadhalika. Cha hapa ni mkono wangu na chaki, na chaki yenyewe siiapii.

Kutoka hapa hadi Urafiki ni mwendo wa miguu tu. Kiwanda kile cha nguo kilifunguliwa 1968 kwa msaada wa China, na mama yangu mkubwa aliingia zamu ya usiku pale hadi akajenga nyumba. Mbele kidogo, Ubungo, ilipokuwa stendi ya mabasi, sasa limesimama jengo la biashara lenye maduka zaidi ya 2,000, kwa mtaji wa China vilevile. Rafiki ni yuleyule: jana alitujengea kiwanda, leo ametujengea duka. Simlaumu, yeye anauza. Sisi je, tunauza nini?

Amri ya Julai 2025 iliyowazuia wageni kufanya aina 15 za biashara, ikiwemo rejareja, tuliishangilia mtaani. Lakini ilimhamisha mtu aliyekaa nyuma ya meza. Mzigo juu ya meza ni uleule.

Sikuombi ufunge bandari, hata mimi nitakosa kitambaa. Na ubishi wa forodha tunaujua. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuachana na mitumba, Marekani ikatishia kutuondoa kwenye AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, wengine tukarudi nyuma. Rwanda ilikaza, na 2018 nguo zake zikapoteza msamaha wa ushuru.

Ombi langu ni dogo, halihitaji kugombana na nchi yoyote. Zabuni za sare kwa fedha za umma zisiandikwe "ugavi wa sare", ziandikwe "ushonaji wa sare". Anayeomba aonyeshe cherehani zake ziko wapi na nani anakaa juu yake, na afisa afike kuziona kabla mtu hajalipwa hata shilingi.

Afisa huyo akifika kwangu atakuta cherehani mbili zinalia na mbili zimefunikwa kanga. Zilizofunikwa si mbovu.

Wako,
Fundi cherehani, Manzese