Harakati za wanafunzi zilianzia pia kanisani

Ndugu Mhariri,

Kila inaposimuliwa historia ya harakati za wanafunzi wa vyuo vikuu, hasa zile za miaka ya 1960, msomaji huachiwa picha ya vijana waliomsoma Marx, wakaitupa dini ya wazazi wao, kisha wakaingia barabarani. Naomba nafasi niipinge picha hiyo, kwa maana wengi wao walifika barabarani kwa sababu waliyaamini mno mahubiri waliyolelewa nayo.

Tuitazame Nashville, Marekani. James Lawson alifungwa mwaka 1951 kwa kukataa, kwa ajili ya imani yake, kuandikishwa jeshini. Alipotoka gerezani akaenda Nagpur, India, akiwa mmisionari wa Kimethodisti, na huko akazisoma kwa undani mbinu za Gandhi za kupinga dhuluma bila kutumia nguvu. Baadaye, akiwa mwanafunzi wa theolojia katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, aliwakusanya vijana kanisani na kuwafunza kuzitumia mbinu hizo dhidi ya ubaguzi wa rangi. Mmoja aliketi kitini, wenzake wakamtukana na kumsukuma, naye akatakiwa asirudishe pigo wala asimchukie anayempiga. Hilo la pili ndilo zito, na siasa peke yake hailielezi: mkakati unaweza kuuzuia mkono, lakini moyo hauzuiliki kwa mkakati. Februari 1960 vijana hao waliketi kwenye kaunta za migahawa zilizotengwa kwa ajili ya wazungu, wakapigwa, wakakamatwa. Machi chuo kikamfukuza Lawson. Tarehe 10 Mei kaunta zikaanza kuwahudumia watu weusi. John Lewis, aliyekuwa miongoni mwao, alikuwa akisomea uchungaji. Na SNCC, jumuiya ya wanafunzi iliyozaliwa mjini Raleigh Aprili mwaka huohuo, ilitamka katika tamko lake la kwanza, lililoandikwa na Lawson, kwamba kiini cha kutotumia nguvu ni upendo.

Afrika Kusini nako, wanafunzi weusi walipokutana Stutterheim mwaka 1968 na kuamua kuwa na chombo chao wenyewe, walikuwa wamekwenda kuhudhuria mkutano wa jumuiya ya Kikristo ya vyuo vikuu. Matokeo yake ni SASO, jumuiya ya wanafunzi weusi wa Afrika Kusini, ambayo Steve Biko alikuwa rais wake wa kwanza. Biko aliwalaumu wachungaji kwa ukali, lakini alichokidai ni theolojia inayomtazama mtu mweusi katika mateso yake. Barney Pityana, aliyempokea uongozi, baadaye alipewa upadri wa Kianglikana.

Nitaambiwa kwamba wengi waliliacha kanisa, na kwamba SNCC yenyewe kufikia mwaka 1966 ilikuwa imeshika mkondo mwingine. Ni kweli, wala sitaki kumrudisha kanisani kwa nguvu mtu aliyeondoka. Hata hivyo, anayeondoka huweza kuendelea kupima haki kwa mizani aliyopewa utotoni, na mara nyingi wa kwanza kuwekwa kwenye mizani hiyo ni viongozi wa dini walionyamaza.

Naomba basi, Ndugu Mhariri, waandishi wako watakaporejea mada hii wawahoji pia walezi wa kiroho wa wanafunzi vyuoni, badala ya kuishia kwa viongozi wa vyama na polisi.

Wako mwaminifu,
Msomaji